Moshi na Harufu ya Kuungua katika Gari Kuukuu: Uchunguzi kwa Mazingira ya Kasulu na Kibondo

Harufu ya kuungua katika gari kwa kawaida hutokana na chanzo kimoja kati ya vinne. Kitu, mara nyingi kimiminika, kimegusa sehemu yenye moto. Vitu viwili vinasuguana kupita kiasi. Umeme unapita mahali usipopaswa au kwa wingi ambao waya hauwezi kuuhimili. Au ndani ya silinda kinaungua kitu kingine zaidi ya mafuta na hewa kwa uwiano wake. Karibu moshi wote na harufu zote za gari kuukuu huangukia katika makundi hayo. Uchunguzi ni kazi ya kutambua kundi lipi linahusika, kisha sehemu ipi, kabla nati yoyote haijafunguliwa.

Vitabu vya magari hufundisha njia ya mkato kwa kutumia rangi: moshi mweupe ni maji, wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta yaliyozidi. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini yanachukulia kwamba gari lina kulanti kwenye rejeta, themostati mahali pake, chujio safi la hewa na mafuta yaliyotoka kwenye pampu ya kituo. Katika nyanda za juu za Kigoma, gari lenye umri wa miaka ishirini au thelathini mara nyingi limekwishapoteza moja au zaidi ya sifa hizo. Kwa hiyo rangi peke yake hupotosha. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wakati moshi unapotokea, mahali unapotokea, na kimiminika kilichopungua.

Mazingira yanayobadilisha dalili

Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake upo takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu zaidi, kwenye vilima vya Buha vinavyopita mita 1,200. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 hadi 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 hadi 14 kuliko pwani. Injini ya petroli yenye mfumo wa kielektroniki hupima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Injini ya kabureta, au ya dizeli yenye pampu ya kimakanika isiyo na kirekebisho cha mwinuko, huendelea kumimina kiasi kilekile cha mafuta kwenye hewa iliyopungua. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam bila kutoa moshi linaweza kupanda hadi Kibondo likitoa moshi mweusi hafifu, ingawa hakuna kilichoharibika.

Mwinuko huohuo hushusha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzijoto 95. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta, ambao hushikilia presha ya takriban bar moja na kupandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzijoto 110. Mfuniko uliochoka, ambao pwani pengine ungevumilika, huku juu hulifanya gari lichemshe mapema.

Jambo la tatu ni vumbi jekundu la kiangazi, linaloziba chujio la hewa na kuganda na mbegu za nyasi kwenye mapezi ya rejeta. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa kilometa zipatazo 260, imekuwa ikijengwa kwa lami, na lami imebadilisha aina ya mateso ambayo gari hupata. Barabara ya vumbi hutikisa waya na mipira ya maji hadi ikachubuka. Lami huruhusu mwendo mkali wa muda mrefu na mzigo mkubwa, mambo yanayofichua rejeta iliyoziba nusu na gasketi iliyodhoofika. Gari lililozoea vumbi kwa miaka mingi huweza kuchemsha kwa mara ya kwanza kwenye lami mpya.

Aina za magari nazo zina uzito wake katika uchunguzi. Toyota Noah, Hiace, Corolla na Probox za petroli hubeba abiria na mizigo ya gulio. Land Cruiser za dizeli, nyingi zikiwa na injini ya 1HZ ya lita 4.2, zimefanya kazi ngumu eneo hili kwa sababu ya shughuli za kambi za wakimbizi, zikiwemo Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo. Gari la petroli na la dizeli huweza kutoa moshi wa rangi moja kwa sababu tofauti kabisa.

Hatua za kwanza barabarani

Kabla ya kutafuta chanzo, dereva hupima hatari. Harufu ya plastiki inayoungua, harufu kali ya petroli, moshi unaotoka kwenye dashibodi au mshale wa joto ulioingia eneo jekundu ni sababu za kusimama mara moja, mbali na nyasi kavu, na kuzima injini. Abiria hushuka wote kabla ya mazungumzo mengine.

Boneti ikitoa moshi mzito haifunguliwi wazi, kwa kuwa hewa mpya huupa moto nguvu. Huachiwa kidogo tu, na mtungi wa unga mkavu huelekezwa kwenye upenyo huo. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini kati ya miji, kwa mfano kwenye msitu ulio kati ya Kasulu na Kibondo, msaada wa kwanza ni mtungi uliomo ndani ya gari na mchanga wa kando ya barabara. Mtungi uliopitwa na muda hauna faida hapo.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa kwa presha hugeuka mvuke mara presha inapoachiwa na huunguza uso na mikono. Injini iliyochemsha huachwa ipoe kwa nusu saa au zaidi. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini wala kujazwa kwa haraka, kwa sababu silinda hedi, hasa ya aluminiamu, hupinda au kupasuka.

Maswali matatu ya uchunguzi

Swali la kwanza ni la wakati. Je, dalili hutokea gari linapowashwa asubuhi, linapopanda mlima, linaposhuka, linaposimama baada ya safari, au feni na taa zinapowashwa? Jibu hilo huondoa zaidi ya nusu ya visababishi vinavyowezekana.

Swali la pili ni la mahali. Moshi unatoka kwenye bomba, chini ya boneti, kwenye gurudumu moja, chini ya sakafu au ndani ya chumba cha abiria? Njia rahisi ni kusimama na kuzunguka gari taratibu, ukinusa kila gurudumu, grili ya mbele na nyuma. Kiangazi hatua hii hutanguliwa na swali jingine: je, harufu ni ya gari kweli? Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, mashamba huchomwa, mkaa huchomwa na tanuri za matofali huwaka kando ya barabara. Harufu inayoisha gari linapoondoka eneo hilo haikutoka kwenye gari.

Swali la tatu ni la vimiminika. Oili hupimwa kwa kijiti, gari likiwa tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Maji hupimwa injini ikiwa baridi. Mafuta ya breki, ya usukani na ya gia huangaliwa pia. Kilichopungua kinaonyesha njia, na mwenye gari anayeandika viwango hivyo kila juma humpa fundi ushahidi bora kuliko anayetegemea kumbukumbu.

Moshi unaotoka kwenye bomba

*Mweupe.* Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, na mvuke mwembamba unaotoka kwenye bomba kwa dakika chache za mwanzo ni maji ya kawaida yanayotokana na kuungua kwa mafuta. Hutoweka bomba likipata joto. Moshi mweupe mzito unaoendelea baada ya injini kupata moto una maana nyingine: maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka.

Vitabu huongeza kwamba moshi huo una harufu tamu. Utamu huo ni wa glaikoli iliyomo kwenye kulanti. Gari linalojazwa maji ya kisima au ya mto halina glaikoli, kwa hiyo moshi wake hauna utamu wowote hata gasketi ikiwa imekwisha kabisa. Eneo ambalo maji matupu ni desturi, kukosekana kwa harufu tamu hakuthibitishi kwamba gasketi ni nzima.

Vipimo vinavyoaminika ni vingine. Mfuniko wa rejeta hufunguliwa injini ikiwa baridi, kisha injini huwashwa. Mapovu yanayoendelea kutoka bila kukoma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu dakika mbili tatu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto, unasema jambo lilelile. Plagi moja iliyo safi kuliko wenzake huonyesha silinda inayooshwa na mvuke. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti ina maji ndani yake. Utando mdogo wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili pekee unaweza kuwa unyevu wa safari fupi za asubuhi, hasa kama kijiti ni safi.

Kwa dizeli kuna moshi mweupe wa aina ya pili, unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi. Hayo ni mafuta yasiyoungua. Ukitokea asubuhi tu na kuisha injini inapopata joto, plagi za hita hukaguliwa kwanza; ukiendelea, nozo, mpangilio wa muda wa pampu na presha ya silinda huchunguzwa.

*Bluu.* Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Wakati wa kutokea kwake hutenganisha matengenezo madogo na makubwa. Ukitoka kwa wingi gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ukaisha, oili ilichuruzika usiku kupitia sili za valvu zilizokauka. Dalili hiyohiyo huonekana gari linapomaliza mteremko mrefu likiwa kwenye gia bila mafuta, kisha dereva akakanyaga: mvuto wa silinda ulikuwa unafyonza oili kupitia valvu. Moshi wa bluu unaoongezeka gari likipanda na mzigo, na kuendelea mfululizo, huelekeza kwenye ringi na silinda zilizolika. Dizeli yenye tabo ina uwezekano wa tatu, kwa kuwa sili za tabo zikichoka huruhusu oili kuingia upande wa hewa.

Kipimo cha presha ya silinda humaliza ubishi. Presha ikiwa ndogo katika injini ya petroli, kijiko cha oili humiminwa kwenye silinda hiyo na kipimo hurudiwa. Presha ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kubadilisha sili za valvu ni kazi ya sehemu ya juu ya injini. Kubadilisha ringi ni kuifungua injini nzima. Injini inayofunguliwa yote bila kipimo hiki inaweza kumgharimu mwenye gari fedha nyingi kwa tatizo la sili za mpira.

*Mweusi.* Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Kisababishi cha kwanza cha kuchunguza Kasulu na Kibondo ndicho cha bei rahisi kuliko vyote: chujio la hewa lililojaa vumbi. Likiwa safi na moshi ukabaki, katika dizeli hufuata nozo zinazodondosha, pampu iliyofunguliwa mafuta kupita kiasi ili gari "livute", na mzigo uliozidi. Katika petroli hufuata plagi, sensa ya oksijeni, nozo zinazovuja na sensa ya joto inayoieleza injini kwamba bado ni baridi.

Hapa themostati inarudi kwenye hoja. Mafundi wengi huitoa baada ya gari kuchemsha mara moja, kwa nia ya kuruhusu maji yapite bila kizuizi. Injini kisha hufanya kazi ikiwa baridi mno, hutumia mafuta mengi, na petroli isiyoungua hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Katika injini nyingi za Toyota kuna ubaya wa ziada: themostati ndiyo hufunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huendelea kuchemsha mlimani. Tiba ya kuchemsha ni kusafisha rejeta, kukagua mfuniko, feni na pampu ya maji, na kuweka themostati mpya.

Ubora wa mafuta nao huzingatiwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochanganywa au yasiyolipiwa kodi. Mafuta ya madumu na chupa yanayouzwa vijijini yamepita mikono mingi, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha masizi kwenye plagi na huifanya injini igonge. Moshi ulioanza siku gari lilipojazwa mafuta mahali pageni hutibiwa kwanza kwa kubadilisha mafuta.

Harufu za chini ya boneti

Harufu chungu ya oili inayokaangika, inayosikika zaidi gari linaposimama baada ya safari, kwa kawaida ni oili inayovuja kutoka gasketi ya tapeti kava na kudondokea manifoldi ya ekzosti. Ni kawaida sana kwa magari kuukuu na si ghali kurekebisha. Lakini haipaswi kuzoeleka: manifoldi hufikia mamia ya nyuzijoto, na oili iliyoloa kwenye masizi na vumbi huweza kushika moto. Injini huoshwa, hukaushwa, gari huendeshwa kwa safari fupi, kisha tochi hutafuta mchirizi mpya. Bila kuoshwa, haiwezekani kutofautisha uvujaji wa leo na uchafu wa miaka kumi.

Mpira unaoungua ukiambatana na mlio mkali ni belti inayoteleza. Ama imelegea, ama imelowa oili, ama inazungusha kitu kilichokwama, kama alteneta, pampu ya maji au kompresa ya kiyoyozi. Belti mpya ikiungua baada ya siku chache, kosa liko kwenye kitu inachokizungusha.

Harufu ya yai bovu ina vyanzo viwili. Ikitoka upande wa betri, alteneta inachaji kupita kiasi. Gari la volti 12 linapaswa kuchaji kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi; likizidi 15, regyuleta imeharibika na betri inachemka ikitoa gesi inayoweza kulipuka. Ikitoka kwenye bomba la gari la petroli, mafuta yamezidi na masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, yanapata moto kuliko kawaida.

Harufu ya petroli mbichi haivumiliwi hata kwa kilometa moja. Injini huzimwa, na betri haiguswi mahali ambapo mvuke wa petroli umetanda, kwa sababu cheche ndogo ya teminali inatosha. Watu huondolewa karibu na mafuta yaliyomwagika. Msiba wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walifariki baada ya wengi kukusanyika kuchota petroli, ulionyesha kwa uchungu kwamba mvuke huwaka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kukimbia.

Breki, klachi na gia

Harufu kali inayotokea baada ya mteremko ni ya breki. Magurudumu ya mbele yote mawili yakinuka baada ya kushuka mlima mrefu, tatizo ni uendeshaji: gari lilipaswa kushuka kwa gia ndogo. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine kwenye barabara tambarare, kalipa imekwama, pini zake zimeshikwa na vumbi na kutu, au handibreki haikuachia. Kiganja husogezwa karibu na rimu bila kuigusa. Tofauti ya joto husikika wazi. Maji hayamwagwi kwenye diski yenye moto.

Hatari kubwa ya breki zenye moto ni mafuta yake. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 205, lakini yakishanyonya unyevu, jambo linaloharakishwa na misimu mirefu ya mvua, huweza kuchemka kuanzia 140. Yakichemka, pedali hulegea na kuzama mpaka chini. Kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili ni kinga ambayo magari mengi kuukuu hayajawahi kuipata.

Klachi inayoungua hunuka kama karatasi nene inayofuka, na harufu hubaki ndani ya gari kwa muda. Husababishwa na kunasua gari kwenye tope au kulishikilia mlimani kwa klachi badala ya breki. Ikitokea mara moja, hupoa na kuisha. Ikijirudia, kipimo hufanyika mahali tambarare na salama: handibreki huvutwa, gia ya tatu huingizwa, klachi huachiwa taratibu huku mafuta yakiongezwa kidogo. Injini nzima yenye klachi nzima huzima. Ikiendelea kuunguruma, klachi pleti inateleza.

Kwa gari la gia za oto, kijiti cha kupimia mafuta ya gia hutoa jibu. Mafuta mazima kwa kawaida ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, gia boksi imepata moto kupita kiasi, mara nyingi kwa kuvuta gari jingine au kuzidisha mzigo.

Umeme

Harufu ya plastiki ndiyo inayotoa muda mfupi zaidi wa kufikiri. Katika magari kuukuu chanzo mara nyingi ni kitu kilichoongezwa baada ya kiwanda: redio, taa za ziada, king'ora, kibadilisha umeme cha kuchajia simu. Waya huchukuliwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, au fyuzi iliyokatika huzibwa kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi ni sehemu iliyowekwa ikatike kabla ya waya kuungua. Ikizibwa, waya ndio unaokatika, ukiwa umefungwa pamoja na nyingine ishirini. Panya nao hutafuna waya za gari lililopaki kwa majuma.

Swichi huzimwa, na kama hakuna harufu ya petroli, teminali ya hasi ya betri hufunguliwa. Spana namba 10 hutosha kwa Toyota nyingi na inastahili kukaa ndani ya gari wakati wote. Baadaye fundi umeme hutoa fyuzi zote na kurudisha moja moja hadi shoti ijitokeze. Gari halirudishwi barabarani kwa sababu tu harufu imeisha. Waya uliochubuka unasubiri mtikisiko unaofuata.

Nyasi, na moshi unaoingia ndani

Njia za vijijini zina nyasi katikati ya alama za matairi. Kiangazi nyasi hizo hujisokota kwenye bomba la moshi na masega, ambayo huweza kupita nyuzijoto 500. Harufu ya majani yanayoungua baada ya kupita njia ya namna hiyo humtaka dereva asimame kwenye udongo mtupu, achungulie chini na kuzitoa kwa kijiti. Gari halipaki juu ya nyasi kavu likiwa limetoka safarini.

Bomba lililotoboka chini ya sakafu, au mlango wa nyuma wa Noah au Hiace unaofungwa kwa kamba kwa sababu ya mzigo, huruhusu moshi kuingia walipo abiria. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua kwa kuzuia damu kubeba oksijeni. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa ghafla kwa abiria kadhaa kwa pamoja ni dalili ya gari bovu. Madirisha hufunguliwa, gari husimamishwa, na bomba hutengenezwa kabla ya safari nyingine.

Mpangilio wa matengenezo

Uchunguzi hufuata gharama kutoka chini kwenda juu. Chujio la hewa, mfuniko wa rejeta, belti, fyuzi, viwango vya vimiminika na nyasi chini ya gari hukaguliwa kwanza, kwa kuwa havihitaji zaidi ya tochi, kitambaa na dakika chache. Hufuata vipimo vinavyohitaji kifaa: mita ya volti na kipimo cha presha ya silinda. Kufungua hedi au injini huja mwisho, na huja tu pale vipimo viwili visivyotegemeana vinapoonyesha jambo moja, kwa mfano mapovu kwenye rejeta na plagi iliyooshwa.

Maelezo anayopewa fundi nayo ni sehemu ya kipimo. Kumwambia kwamba gari linatoa moshi ni kumwachia abahatishe. Kumwambia kwamba linatoa moshi wa bluu kwa dakika moja asubuhi, halitoi likipanda mlima, na limepunguza nusu lita ya oili kwa mwezi, ni kumwelekeza kwenye sili za valvu kabla hajashika spana. Gari likishatengenezwa, huendeshwa katika hali ileile iliyoleta dalili: mlima uleule, mzigo uleule, baridi ileile ya asubuhi. Dalili isipojirudia hapo, na viwango vya vimiminika vikabaki palepale kwa juma moja, chanzo kimepatikana.